Bangili ya Mtani

Lori lilimkataa Osmund Ngonyani saa moja asubuhi, kwenye maegesho ya Makambako, likiwa na tani thelathini za shaba mgongoni.

Halikuwa na ubovu wowote. Yeye mwenyewe alikuwa ameketi vizuri, amefunga mkanda, ameweka chupa ya chai mahali pake, bangili iko mkononi. Akabonyeza kitufe cha kuwashia. Kioo kikaandika kwa herufi nyekundu: DEREVA HAFAI. Akabonyeza tena, safari hii taratibu, kama mtu anayebisha hodi kwa wakwe. DEREVA HAFAI. Chini yake pakatokea maelezo: tukio la ubongo, sekunde arobaini na moja, tarehe 14 Machi, saa tisa na dakika ishirini na mbili alasiri, Ruaha Mbuyuni.

Siku hiyo ilikuwa tarehe 19 Juni. Osmund akasoma mara tatu, kisha akajishika kichwa kwa mikono miwili, akikipapasa nyuma na pembeni kama vile tukio hilo lingekuwa limeacha uvimbe. Kichwa kilikuwa kile kile alichoamka nacho.

Alikuwa na miaka arobaini na tisa. Alianza lori akiwa na ishirini na mbili, enzi zile leseni ni kadi ya plastiki na daktari anakuuliza tu, "Unaona vizuri?" ukasema naam, akagonga muhuri. Kadi hizo zilikufa zamani. Sasa leseni ilikuwa bangili, na bangili ilipaswa kukubaliwa upya kila asubuhi. Ndani ya kiti cha dereva kulikuwa na nyuzi zinazosikiliza moyo kupitia shati. Egemeo la kichwa lilisikiliza ubongo. Usukani ulionja jasho la viganja, ukajua sukari, ukajua pombe, ukajua kama umelala saa sita au unadanganya. Ukipita, taa ya kijani inawaka na unaongezewa siku moja safi. Siku safi ndizo zilizokuwa heshima ya dereva. Bila siku elfu moja safi hugusi shaba wala mafuta. Unavuta tela tupu, au unabeba magodoro. Osmund alikuwa na siku 2,911.

Ya moyo na sukari yalisomwa pale pale. Ya ubongo yalikusanywa yakapelekwa makao makuu, yakapitiwa kila baada ya miezi mitatu. Ndiyo maana jambo la Machi lilimfikia Juni.

Akashuka, akafunga mlango. Kwa mazoea akaubonyeza kwa kiganja kuona kama umeshika. Ulikuwa umeshika.

*

Kituo cha afya ya madereva kilikuwa hatua mia mbili kutoka kwenye mizani. Daktari alikuwa mwanamke wa miaka thelathini hivi, anaitwa Mwajabu Semkiwa, na alimwamkia kabla hajakaa.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Mwanangu, gari limekosea."

"Kila anayeingia hapa gari lake limekosea." Hakusema kwa ubaya. Aligeuza kioo chake ili Osmund naye aone. Palikuwa na mstari mwembamba uliokwenda taratibu, mara ukapanda na kushuka kwa hasira, meno meno, kisha ukalala chini kabisa. "Unaona hapa? Huyu mtu alianguka. Mwili ulikakamaa, ukatetemeka. Kwa lugha ya nyumbani ni kifafa, ingawa mimi silitumii neno hilo kwa anayeanguka mara moja. Ila sheria ya lori haingoji mara ya pili."

"Inasemaje?"

"Wa gari dogo, mwaka mmoja bila kuanguka anarudi. Wa lori ni miaka kumi. Bila kuanguka na bila dawa. Lori lina tani hamsini, baba, na huyo anayeanguka hajui kama ameanguka."

Osmund alitaka kucheka akashindwa. Mtu anajua kama ameumwa. Aliwahi kuumwa malaria akajua, alivunjika kidole akajua. Inakuwaje mtu aangushwe na ubongo wake mwenyewe, mchana kweupe, asiambiwe?

Halafu akakumbuka ile siku. Saa tisa na dakika ishirini na mbili ya tarehe 14 Machi bangili haikuwa mkononi mwake. Ilikuwa mkononi mwa Kiyeyeu, dereva mwenzake wa njia ile.

Jambo hili halikuwamo katika sheria yoyote, na kila dereva wa njia ya Tunduma alilijua. Liliitwa kushushiana. Ukitoka Iringa na mzigo kuja pwani, baada ya Ilula unakutana na mteremko wa Kitonga: upande mmoja mwamba, upande wa pili hewa. Dereva aliyechoka, aliyefiwa, aliyegombana na mkewe, hashuki Kitonga. Anamngoja mwenzake. Mwenzake anashusha gari lake kwanza, anarudi juu kwa pikipiki, anavaa bangili yako na kukushushia lako, wewe umekaa pembeni. Waliotengeneza kiti walijua watu wangeweza kudanganya kuhusu pombe na usingizi. Haikuwajia akilini kwamba mtu angemvua mwenzake leseni kwa huruma. Tena walikilegeza kiti kisishtuke ovyo kwa sababu ya mashimo ya barabara, kwa hiyo moyo wa mtu mmoja na wa mwingine kiliipokea yote, mradi bangili ni ile ile.

Siku ile Osmund alikuwa na mafua na hakulala. Kiyeyeu akamshushia. Alichokumbuka ni kwamba alisinzia kiti cha pembeni, akaamka Ruaha Mbuyuni gari limesimama kando ya wauza vitunguu, yeye amelazwa chali juu ya viti, kichwa kimewekewa koti. Kiyeyeu alikuwa amelowa maji kifuani, mikono inamtetemeka, na kidole chake cha shahada kinachuruzika damu. Alisema amebanwa na mlango.

Mlango haubani hivyo. Mtu wa kifafa hujing'ata. Hilo Osmund alilijua tangu utotoni.

"Daktari," akasema, "na kama bangili alikuwa ameivaa mtu mwingine?"

Daktari Mwajabu akarudisha kioo upande wake. "Hapo umeniambia kosa, baba. Nikiliandika, aliyetoa na aliyevaa wote wanafutiwa siku safi zote. Wanaanza na sifuri."

"Usiandike kwanza. Nauliza tu. Mashine inaweza kujua ni nani?"

"Ile ya kwenye gari, hapana. Ninayo kofia." Alionyesha kofia ya kitambaa iliyoning'inia ukutani, nyaya zinamwagika kama mizizi ya kitunguu. "Nammulikia mtu taa ya kupepesa kwa robo saa. Ubongo wenye tabia hii huanza kuchezacheza kabla ya kuanguka, na kila ubongo huchezacheza kivyake, kama mwandiko. Nalinganisha na huu mstari. Lakini anayekuja kuvishwa kofia kwa habari hii atakuwa amekubali kwamba aliivaa bangili. Siwezi kumpima mtu kisiri."

Osmund akatoka nje, akasimama juani. Alijiona kama mtu aliyepewa funguo mbili, zote za jela. Akinyamaza, atakaa nyumbani miaka kumi kwa ugonjwa wa mtu mwingine, na huyo mwingine ataendelea kushuka Kitonga na taa ya kijani. Akisema, wanafutwa wote wawili, ila angalau mgonjwa anatoka barabarani, na yeye ataanza upya kuhesabu.

Kulikuwa na jambo jingine lililomchoma zaidi. Tangu Machi, safari saba mfululizo, Kiyeyeu alikuwa hamwachi ashuke mwenyewe. "Kaa pembeni, Mngoni, leo nakushushia," kila safari, hata siku ambazo Osmund alikuwa mzima kama chuma. Alidhani ni mapenzi. Sasa akaona vingine: jamaa anajua anaanguka, na anapotaka kuanguka anaanguka ndani ya bangili ya Osmund, ili ya kwake ibaki safi.

*

Kiyeyeu alifika saa saba mchana. Lori lake lilikuwa limecheleweshwa kwenye mizani. Alikuwa Mhehe wa Kalenga, mfupi, mpana, mwenye sauti ya kuitia ng'ombe. Alimkuta Osmund ameketi kwenye mgahawa mbele ya sahani ya makande ambayo haikuguswa.

"Mngoni hali chakula? Basi dunia imekwisha. Au umesikia mazishi mahali unatunza nafasi?"

"Kaa chini, Kiyeyeu."

"Naamriwa na wakimbizi. Babu zenu walitoka kusini wakikimbia, walipotuona sisi ndiyo wakaongeza mwendo." Akavuta kiti, akavuta na makande.

Walikuwa watani, kwa makabila na kwa hiari yao. Miaka kumi na moja walisafiri pamoja, na katika miaka hiyo hawakuwahi kusemezana neno lililonyooka. Mama yake Osmund alipofariki, Kiyeyeu alilala ndani ya kaburi lililochimbwa, akagoma kutoka mpaka apewe jogoo. Watu wakacheka huku wanalia, na Osmund akapumua kwa mara ya kwanza tangu msiba uanze. Ndiyo kazi ya mtani. Anasema lolote, na hakasirikiwi.

"Gari limenikataa," Osmund akasema. "Linasema mimi nina kifafa. Tarehe 14 Machi, Ruaha Mbuyuni. Unaikumbuka?"

Kijiko cha Kiyeyeu kikasimama njiani. Kikarudi sahanini.

"Naikumbuka."

"Bangili ulikuwa nayo wewe."

"Nilikurudishia tulipofika chini. Ukahamia kwenye usukani, ukasema unataka kusogeza gari kivulini. Mimi nikaenda kununua vitunguu."

"Sikumbuki kuhama."

"Najua hukumbuki."

"Usinizungushe. Kidole chako kilikuwa kinatoka damu. Ulikuwa unatetemeka. Tangu siku ile hutaki nishuke na bangili yangu mwenyewe. Kiyeyeu, kama unaanguka, niambie. Nitakuelewa."

Kiyeyeu alimtazama mwenzake kama mtu anayetazama gari linalorudi nyuma bila dereva. "Nilishakuambia," akasema.

"Umeniambia nini?"

"Siku ile ile, tulipokuwa tunakula Mikumi. Nilikuambia, Mngoni, leo umetapatapa kama panya aliyetumbukia kwenye debe. Umetoa povu, akina mama wa vitunguu wamekimbia wameacha ndoo zao."

Osmund aliikumbuka. Aliikumbuka vizuri sana, kwa sababu alicheka mpaka chai ikampalia. Akajibu kwamba panya si mboga ya Wahehe, wao wamezoea mbwa. Wakacheka wote. Au alicheka peke yake? Alijaribu kuuona uso wa Kiyeyeu wa siku ile, hakuupata.

"Ule ulikuwa utani," akasema.

"Sikuwa na namna nyingine ya kukuambia. Nikisema kwa utani, nilifikiri, atacheka kwanza, halafu akilala ataelewa. Ukacheka. Ukalala. Kesho yake ukaniuliza kama nina panya wengine."

"Apa."

"Niape mara ngapi? Nikiapa unasema mtani anaapa kwa uongo. Nikilia unasema nalilia jogoo." Kiyeyeu alifuta mdomo kwa mgongo wa mkono. "Hivi sasa ninavyokuambia, unaniamini?"

Osmund akafikiri. Alitaka kumwamini, na wakati huo huo akaona kwamba mtu mwenye ugonjwa angesema hivyo hivyo, neno kwa neno. Alikuwa anamtuhumu mwenzake kwa jambo ambalo mwenyewe, kama lilimtokea, asingelijua. Na mwenzake alikuwa anamtuhumu kwa jambo ambalo, kama ni uongo, lilikuwa uongo mzuri kuliko wote.

"Siamini," akasema. "Daktari ana kofia. Inajua ni nani. Ila ukienda, umekubali kwamba ulivaa bangili. Siku zako zinafutwa. Zangu pia."

"Nina siku 2,906."

"Najua."

Nje lori lilipiga honi, mtu akamtukana dereva kwa jina la mama yake, dereva akajibu.

"Na nisipokwenda?"

"Nitasema mwenyewe. Nitaandika ulivaa. Watachunguza, wataona mgonjwa ni wewe, mimi nitarudi barabarani hata kama ni kwa tela tupu."

"Utarudi barabarani," Kiyeyeu akarudia. Akasukuma sahani. "Haya. Twende kwenye hiyo kofia."

*

Daktari Mwajabu aliwasomea karatasi ya kukiri, wakaweka dole gumba wote wawili. Akamvika Kiyeyeu kwanza. Chumba kikafungwa mapazia, taa ikapepesa. Mstari ulikwenda taratibu, kama barabara tambarare ya Igawa. Robo saa ikaisha.

"Safi," daktari akasema.

Akamvika Osmund. Kofia ilikuwa na joto la kichwa cha mwenzake. Taa ikapepesa, nyeupe, nyeupe, nyeupe. Osmund hakusikia kitu. Alijiona kama mtu aliyekatizwa katikati ya sentensi, akashangaa taa imezimwa, pazia limefunguliwa, na daktari amemshika kifundo cha mkono.

"Mbona umeacha?" akauliza. "Anza basi."

"Nimemaliza, baba. Nilizima dakika ya sita. Hukuanguka, ila ulikuwa unaelekea huko." Akasogeza kioo. Mstari wa Machi juu, mstari wa leo chini. Meno yale yale.

"Mashine imechanganya. Ametoka kuivaa yeye, imebaki na ya kwake."

"Ya kwake ilikuwa safi."

"Basi imechanganya hivyo hivyo."

Hapo Kiyeyeu akainuka kutoka kwenye benchi. Akaweka kidole cha shahada mezani, chini ya taa. Kidonda kilikuwa kimepona, kimeacha kovu jeupe la meno. Jino, pengo, jino, jino. Osmund akapeleka ulimi kwenye meno yake ya juu bila kukusudia. Jino moja lilimtoka zamani, alipokuwa anafungua boliti ya tairi Mbalizi. Ulimi ukaingia kwenye pengo, ukakaa pale.

"Nilifikiri utaumeza ulimi," Kiyeyeu akasema. "Nikaingiza kidole. Nilikumwagia na maji, na mimi nikalowa."

"Usimwingizie mtu kidole mdomoni," daktari akasema. "Mlaze ubavu, basi." Kisha akamgeukia, na sauti yake ikawa ngumu. "Kwa hiyo ulijua. Miezi mitatu."

"Nilijua. Ndiyo maana nilimshushia. Safari saba, Kitonga hakushuka hata mara moja."

"Kitonga ni mteremko mmoja. Kutoka Tunduma mpaka pwani kuna kilomita mia tisa. Zilizobaki aliziendesha nani?"

Kiyeyeu aliangalia viatu vyake.

"Kuna shule pale Ilula watoto wanavuka saa saba mchana," daktari akaendelea. "Kuna soko barabarani Ruaha Mbuyuni. Ulimwonea huruma mtu mmoja. Nimekuuliza, zilizobaki aliendesha nani?"

"Aliendesha yeye," Kiyeyeu akasema. "Na mimi nyuma yake. Kila alipoyumba kidogo roho yangu ilitoka ikarudi. Nilitaka kusema. Nilisema, akacheka. Kusema tena bila utani sikujua kunaanzaje."

Osmund bado alikuwa amekaa na kofia kichwani. Hakuna aliyekumbuka kumvua. Alikuwa anajaribu kuzipanga zile safari saba. Alijiona ameketi pembeni, amekasirika kidogo, anamwambia Mhehe asijidai fundi. Alimwona Kiyeyeu nyuma ya pikipiki, na vumbi, akirudi mlimani kuchukua gari ambalo si lake.

"Wewe ungeweza kukataa kofia," akasema. "Huna ugonjwa. Ungesema hukuvaa. Ingekuwa neno langu na lako."

"Ningekataa, ungebaki unaamini ni mimi. Ungezunguka ofisi zote mpaka wakurudishe, maana wewe ukiamini jambo ni kama punda. Ungerudi barabarani." Kiyeyeu akavuta pumzi. "Nimechoka kukaa nyuma yako."

Osmund akangoja mzaha ufuate. Haukufuata. Kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na moja Kiyeyeu alisema jambo akaliacha hapo hapo, na Osmund hakujua aliweke wapi.

Daktari akachukua koleo ndogo, akakata bangili ya Osmund. Akakata na ya Kiyeyeu. Zikalia mezani kwa zamu, ya kwanza, ya pili, kisha akaandika alichopaswa kuandika.

Sekunde za Machi zilikuwa arobaini na moja.

Osmund alifutiwa siku safi 2,911. Kiyeyeu, ambaye hakuwa na ugonjwa wowote, alifutiwa 2,906. Alianza tena na tela tupu, na siku elfu moja mbele yake kabla ya kugusa shaba.

Madereva wengine kumi na tisa wa njia ile walijulikana kuwa wamewahi kushushiana, kwa sababu makao makuu yalianza kuwatafuta baada ya karatasi ile. Nao walifutwa. Kushushiana kulikwisha mwezi huo huo. Aliyechoka alishuka Kitonga na uchovu wake.

Osmund alipewa miaka kumi ya kusubiri. Itakapokwisha atakuwa na miaka hamsini na tisa. Sheria inamtoa dereva wa lori barabarani akifika sitini. Kwa hiyo unabaki mwaka mmoja, na mwaka una siku mia tatu sitini na tano, na shaba inataka siku elfu moja.